Ugonjwa wa Baipola Hutambuliwaje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Nairobi

Maswali yaliyo hapa chini yameulizwa, mengine zaidi ya mara kumi, katika kikundi cha familia kinachokutana Jumamosi moja ya kila mwezi huko Buruburu. Mimi ninayeyajibu si daktari. Ni dada wa mtu aliyetibiwa kwa miaka minane kwa ugonjwa ambao sio aliokuwa nao, kwa sababu katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwuliza swali moja rahisi: je, umewahi kuwa na wakati ulipojisikia vizuri kupita kawaida yako? Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari. Nia yake ni kukusaidia ufike mbele yake ukiwa na habari anazozihitaji.

## Mambo ya msingi

1. Ugonjwa wa baipola ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa hisia unaomtoa mtu katika hali yake ya kawaida kwa vipindi. Kuna vipindi vya kupanda, ambapo nguvu, kasi ya mawazo na kujiamini huzidi mno, na kuna vipindi vya kushuka, yaani sonona, ambayo wengi wetu Nairobi huiita depresheni. Kila kipindi huchukua siku, majuma au miezi, na kati ya kipindi na kipindi wagonjwa wengi huwa wazima kabisa, wakifanya kazi na kulea watoto bila mtu kushuku lolote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa na ugonjwa huu.

Neno lenyewe limeanza kutumiwa vibaya mitaani. Mtu aliyecheka asubuhi na kununa mchana huambiwa kwamba ana baipola. Sivyo. Hisia zinazobadilika mara kadhaa kwa siku moja kufuatana na yanayomsibu mtu si dalili kuu ya ugonjwa huu, na daktari anayesikia maelezo ya namna hiyo huanza kufikiria mambo mengine, kama vile matatizo ya haiba, matumizi ya vileo, au maisha magumu tu.

2. Je, kuna kipimo cha damu au picha ya ubongo inayoonyesha baipola?

Hakuna. Si damu, si mkojo, si picha ya ubongo, si kipimo cha vinasaba. Yeyote anayekuuzia kipimo cha aina hiyo anakudanganya. Vipimo vinavyoagizwa vina kazi nyingine, iliyoelezwa katika jibu la 10.

Ugonjwa hutambuliwa kwa historia: nini kilitokea, lini, kwa muda gani, na kilimbadilisha mtu kwa kiasi gani. Ndiyo maana ubora wa utambuzi hutegemea sana ubora wa masimulizi, na ndiyo maana nimeona mama asiyejua kusoma akimsaidia daktari kuliko faili nene la hospitali.

3. Ni nani anayeweza kuutambua hapa Nairobi, na nianzie wapi?

Mwenye kauli nzito ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili, lakini ni wachache wanaoanzia kwake. Wengi huanza kwa afisa wa kliniki au muuguzi katika kituo cha afya kilicho karibu, au katika hospitali za kaunti kama Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, kisha hupewa barua ya rufaa. Rufaa hiyo mara nyingi huelekea Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Hospitali ya Taifa ya Mafunzo na Rufaa ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wanaweza kuwa wa kwanza kushuku, na hushuku mara nyingi kwa sababu wao hukaa na mtu kwa saa nzima. Hata hivyo dawa huandikwa na daktari. Kabla ya kwenda, uliza hospitali ni huduma zipi zinazolipiwa na bima yako, hasa baada ya bima ya afya ya umma ya SHA kuchukua nafasi ya ile ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Jina la Mathari limegeuzwa kuwa tusi katika mji huu, na familia nyingi hupoteza miaka zikilikwepa. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1910, enzi ya ukoloni, kama mahali pa kuwafungia watu, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Lakini kliniki yake ya wagonjwa wa nje ni kliniki kama nyingine: unaingia na kadi, unamwona daktari, unarudi nyumbani jioni.

4. Baipola ina aina ngapi?

Aina tatu hutajwa zaidi. Aina ya kwanza huhitaji angalau kipindi kimoja cha mania, yaani kupanda kukali, katika maisha ya mtu, hata kama hajawahi kuwa na sonona. Aina ya pili huhitaji angalau kipindi kimoja cha haipomania, yaani kupanda kwepesi zaidi, na angalau kimoja cha sonona, bila mania kamili wakati wowote. Ya tatu huitwa saiklothimia: kupanda na kushuka kusikofikia vigezo vya vipindi hivyo, lakini kunakoendelea kwa miaka 2 au zaidi, au mwaka 1 kwa watoto na vijana.

Aina ya pili si baipola ndogo. Wagonjwa wake wengi hukaa katika sonona kwa muda mrefu, na hatari ya kujiua ni ya kweli katika aina ya kwanza na ya pili.

## Vigezo ambavyo daktari hupimia

5. Mania hutambuliwaje?

Madaktari hutumia miongozo miwili. Mmoja ni ICD-11 wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika rasmi Januari 2022. Mwingine ni DSM-5-TR wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, uliotolewa mwaka huohuo wa 2022. Yote miwili hutaka mambo mawili kwa pamoja: hisia zilizopanda isivyo kawaida, iwe ni furaha, kujitanua au hasira, pamoja na ongezeko la nguvu na shughuli. Hali hiyo iwe imedumu kwa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda wa angalau juma moja. Kwa mwongozo wa Marekani, mgonjwa akilazimika kulazwa hospitalini, juma halihesabiwi tena.

Juu ya hayo, mwongozo wa Marekani una orodha ya dalili saba, na mtu huhitaji kuwa na angalau tatu, au nne ikiwa hisia iliyotawala ni hasira peke yake. Dalili hizo ni kujiona mkubwa kupita uhalisia, kupungua kwa haja ya usingizi, kusema sana na kwa haraka, mawazo kukimbizana, kushindwa kukaza fikira, kuongezeka kwa shughuli au mahangaiko ya mwili, na kujiingiza katika mambo ya hatari bila kupima matokeo. Mwisho, hali yenyewe lazima iwe imeharibu jambo la maana, kama kazi, masomo au ndoa, au imelazimu kulazwa, au imeambatana na kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli.

Katika nyumba zetu mambo haya huonekana hivi. Mtu aliyezoea kulala kwa muda wa saa nane anaamka saa tisa za usiku, anapiga deki nyumba nzima, anafua mapazia, na kukipambazuka hana uchovu hata kidogo. Anachukua mikopo ya simu kutoka programu tano kwa usiku mmoja. Anaacha kazi ya miaka kumi ili afungue kampuni ambayo haina hata jina, au analipa arbuni ya shamba la Kitengela kwa karo ya watoto. Anawapigia simu watu ambao hajazungumza nao tangu shule ya msingi, na ukimkatiza anawaka.

Katika hayo yote, swali la usingizi ndilo ningeomba ulishike zaidi. Asiyepata usingizi kwa sababu ya wasiwasi huamka hoi na kulalamika. Mwenye mania hulala kwa muda wa saa mbili au tatu na kuona zimemtosha.

6. Haipomania inatofautianaje na mania, na kwa nini hupita bila kuonekana?

Dalili ni zilezile, lakini ni nyepesi zaidi na muda wake ni mfupi zaidi: angalau siku 4 mfululizo kwa mwongozo wa Marekani, na siku kadhaa, bila idadi maalumu, kwa ICD-11. Watu wa karibu huona kwamba amebadilika, ila maisha yake hayaporomoki, halazwi, wala haoni au kusikia visivyokuwepo. Akianza kusikia sauti au kuamini kwamba ametumwa kuiokoa nchi, hiyo si haipomania tena, ni mania.

Hupita bila kuonekana kwa sababu haimuumizi aliye nayo. Hakuna anayepanga foleni hospitalini kwa kuwa amefanya kazi nyingi, amechangamka na amejaa mipango, na katika mji kama Nairobi, ambapo mtu asiyelala kwa ajili ya biashara husifiwa, majirani humpongeza. Ndugu yangu aliziita siku hizo miezi yake ya baraka. Daktari alipomwuliza kama ana tatizo lolote zaidi ya huzuni, alijibu kwa unyofu kwamba hana.

7. Na sonona ya baipola, ina tofauti yoyote na sonona ya kawaida?

Kwa vigezo, hakuna: ni majuma 2 au zaidi ya huzuni au kukosa raha ya mambo yote, pamoja na dalili nyingine za usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kukaza fikira au mawazo ya kifo, jumla zikiwa tano au zaidi kati ya tisa. Kwa kuitazama sonona peke yake, daktari hawezi kuwa na uhakika.

Kuna ishara zinazomfanya aulize zaidi. Sonona iliyoanza mapema, kabla ya miaka 25. Vipindi vingi vinavyojirudia. Kulala na kula kupita kiasi badala ya kukosa usingizi na chakula. Sonona yenye kusikia sauti. Jamaa wa damu mwenye baipola. Na mtu aliyechangamka ghafla mno baada ya kuanzishiwa dawa za sonona. Hili la mwisho ni kubwa. Dawa za sonona zikitumiwa peke yake zinaweza kumrusha mwenye baipola katika mania, na ndiyo maana utambuzi sahihi ni jambo la usalama.

## Siku ya kliniki

8. Daktari ataniuliza nini, na itachukua muda gani?

Ziara ya kwanza iliyofanywa vizuri huchukua kati ya dakika 45 na saa moja na nusu, na si ajabu kuombwa urudi. Utaulizwa kilichokuleta, kisha maisha yako tangu utotoni, vipindi vya kupanda na kushuka, magonjwa mengine, dawa unazotumia pamoja na za kienyeji, pombe, miraa na bangi, na mawazo ya kujiua. Jibu hili la mwisho bila kuficha. Tazama pia jibu la 18.

Utaulizwa pia kuhusu ukoo, na hapa ndipo familia zetu huficha bila kukusudia. Mwenye mzazi, ndugu au mtoto mwenye baipola ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata ugonjwa huu kuliko mtu mwingine. Lakini katika ukoo wa kawaida hakuna aliyewahi kuwa na baipola; kuna mjomba aliyekuwa akifungwa kamba msimu fulani wa mwaka, shangazi aliyeuza ng'ombe wote kwa siku moja kisha akajifungia nyumbani mwaka mzima, na babu ambaye kifo chake hakizungumzwi. Waulize wazee kabla ya kwenda kliniki, tena uwaulize habari za mienendo badala ya majina ya magonjwa.

Ikiwezekana, nenda na karatasi moja yenye miaka na matukio: lini alianguka, lini alipanda, alilala saa ngapi, alitumia dawa gani na ikamfanya nini. Kama kuna majuma kabla ya miadi, andika kila siku hali ya moyo na saa za usingizi.

9. Kwa nini daktari anataka kuzungumza na jamaa yangu? Mimi ni mtu mzima.

Ni haki yako kukataa, na daktari mwema atakuomba ruhusa kwanza. Sababu yake ni kwamba mtu akiwa ndani ya mania haioni, na akishatoka huwa ameisahau au anaionea haya. Aliye katika sonona naye hukumbuka huzuni tu, kana kwamba hajawahi kuwa na siku njema. Anayeishi nawe anakumbuka yale uliyoyapitia bila kuyaona. Si lazima awe mzazi. Anaweza kuwa mke, rafiki wa bwenini, au mwenzako wa dukani. Mchague mtu aliyekuona katika hali zote mbili, na kama kuna jambo ambalo hutaki alijue, mwambie daktari mkiwa peke yenu.

10. Basi vipimo vya damu ni vya nini?

Ni vya kuondoa magonjwa mengine yanayofanana. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi huleta kasi, kukosa usingizi na hasira, na inayofanya kazi kidogo huleta uzito unaofanana na sonona, hivyo hupimwa. Kaswende iliyofika kwenye ubongo na virusi vya UKIMWI vinaweza kuleta picha ya mania, kwa hiyo usishtuke ukiombwa vipimo hivyo. Dawa nazo huchunguzwa: prednisoloni, inayotolewa kwa pumu na magonjwa mengi, inajulikana kwa kuleta mania, na efavirenzi, iliyotumiwa sana kwa wenye virusi, huvuruga usingizi na hisia. Kifafa pia huulizwa.

Jambo moja halingoji kliniki. Mtu aliyevurugika akili ghafla, ana homa, hajui yuko wapi, na pengine amerudi karibuni kutoka Kisumu au pwani, apelekwe idara ya dharura saa hiyohiyo. Malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo huua kwa muda mfupi, na hazihusiani na baipola.

11. Nilijaza dodoso kwenye simu likasema nina baipola. Je, ni kweli?

Bado. Dodoso linalojulikana zaidi lilichapishwa Marekani mwaka 2000. Lina maswali 13 ya ndiyo au la, na huhesabiwa limeonyesha dalili iwapo umejibu ndiyo mara 7 au zaidi, mambo hayo yakatokea wakati mmoja, na yakakuletea matatizo ya maana. Kazi yake ni kuchuja. Hukosea pande zote mbili: huwashika wenye matatizo ya haiba au ya vileo, na huwaachilia wengi wa aina ya pili. Lipeleke kwa daktari kama mwanzo wa mazungumzo.

12. Nizungumze kwa lugha gani? Sijui maneno ya kidaktari.

Zungumza kwa lugha unayoumwa nayo, na uombe mkalimani ikibidi, asiwe mtoto wako mdogo. Maneno ya kidaktari hayahitajiki. Mara nyingine hata hudhuru, kwa sababu mtu akisema ana stresi, kila msikilizaji huelewa lake. Eleza kitendo. Ukisema moyo unaenda mbio, taja ni lini na ulikuwa ukifanya nini. Ukisema unafikiria sana, fafanua kama ni wazo moja zito linalorudi, ambalo huelekea sonona au wasiwasi, au ni mawazo mia yanayopishana hata huwezi kumaliza sentensi. Kwa Kiswahili tunayaita yote mawili mawazo mengi, na tofauti yake ndiyo anayoitafuta daktari.

## Utambuzi unapokawia au kukosewa

13. Kwa nini wengi hupewa jina sahihi la ugonjwa baada ya miaka mingi?

Katika utafiti uliofanywa Marekani mwaka 2000 miongoni mwa wagonjwa wenyewe, asilimia 69 walisema walipewa kwanza jina la ugonjwa mwingine, mara nyingi sonona, na zaidi ya theluthi walisubiri miaka 10 au zaidi. Sababu kubwa nimeieleza katika jibu la 6: watu huenda hospitalini wakiwa wameshuka, husimulia kushuka, na hutibiwa kushuka. Kwa baadhi ya wagonjwa sonona hutangulia kwa miaka kabla ya kipindi cha kwanza cha kupanda, na hapo hata daktari hodari hana lawama. Kwetu kuna la ziada: kila mara unaonwa na mtu mwingine, kadi ya zamani imepotea, na historia inaanza upya kwa dakika kumi.

14. Kwanza niliambiwa ni skizofrenia, sasa ni baipola. Nani alikosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Skizofrenia ni ugonjwa wa akili ambao mtu husikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli. Mania kali na sonona kali zinaweza kuleta sauti na imani zisizo kweli, na siku mtu anapofikishwa hospitalini akiwa amechafuka, magonjwa haya mawili yanaweza kufanana kabisa. Kinachoyatenganisha ni muda. Katika baipola, sauti huja pamoja na kupanda au kushuka kwa hisia na huondoka nako. Zikiendelea kwa majuma 2 au zaidi huku hisia zimetulia, daktari huanza kufikiria skizofrenia au hali iliyo kati ya hizo mbili.

15. Anatumia bangi, miraa au pombe. Je, si hizo tu ndizo zinazomsumbua?

Inawezekana, na pia inawezekana kwamba ana yote mawili, jambo ambalo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Miraa na muguka ni vichangamshi. Vikitumiwa kwa wingi huondoa usingizi, huongeza maneno na vinaweza kuleta imani za kudhulumiwa. Bangi inaweza kuchochea mania kwa aliye na mwelekeo huo. Daktari hutafuta mambo matatu: kipi kilitangulia, dalili zilikuwaje katika vipindi ambavyo hakutumia chochote, na je, ziliendelea kwa takriban mwezi mmoja baada ya kuacha. Usimkatalie mgonjwa kliniki hadi aache kwanza. Wengine hutumia vitu hivyo ili kuzima au kuamsha hisia ambazo ndizo ugonjwa wenyewe.

16. Mchungaji anasema ni pepo. Shangazi anasema amerogwa. Daktari atasemaje?

Daktari makini hatabishana na imani yako, wala hatahesabu sala ndefu, kufunga au kunena kwa lugha kuwa dalili. Atauliza kama mwenendo huo ni wa kawaida kwa mtu huyo na kwa waumini wenzake. Muumini aliyekesha Ijumaa akalala Jumamosi ni muumini. Aliyekesha siku sita, akavunja milango ya majirani ili awabatize, na ambaye viongozi wa kanisa lake wenyewe wanasema amepita kiasi, anahitaji hospitali. Masheikhe na wachungaji wengi wa Nairobi wanaijua tofauti hiyo na wamewaleta waumini wao kliniki kwa mikono yao.

Naongeza onyo. Kunyimwa usingizi ni mojawapo ya vichochezi vikubwa vya mania kwa mwenye ugonjwa huu, kwa hiyo kumwombea usiku kucha kwa majuma, hata kwa upendo, kunaweza kumzidishia. Mwombeeni mchana, mwacheni alale.

## Hali za pekee

17. Je, mtoto, mama aliyejifungua au mzee hutambuliwa vivyo hivyo?

Vigezo ni vilevile, lakini tahadhari hutofautiana. Ugonjwa huu huanza mara nyingi kati ya ujana na miaka ishirini na kitu, kwa hiyo kijana wa sekondari anaweza kuwa nao. Mtoto mdogo mwenye hasira za kila siku ni jambo jingine: mwaka 2013 mwongozo wa Marekani uliongeza jina la pekee la hasira sugu za utotoni, hasa kwa sababu watoto wengi mno walikuwa wakiitwa wenye baipola. Baipola huja kwa vipindi, lakini hasira hizo hazikatiki.

Baada ya kujifungua, mama anayeanza ghafla kukosa usingizi hata mtoto akilala, kusema ovyo, kuchanganyikiwa au kushuku mtoto si wake, hasa katika majuma 2 ya kwanza, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake na mtoto. Hutokea kwa mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, na mara nyingi ndiyo mlango ambao baipola hujitokezea. Kwa mzee aliyepata mania kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 au 60, daktari atatafuta kwanza sababu za kimwili, kama kiharusi, dawa au uvimbe wa ubongo.

18. Nikimwambia daktari kwamba nilijaribu kujiua, je, nitashtakiwa?

Hofu hii imewafunga watu midomo kwa miaka, na haikuwa bure, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilikifanya kitendo hicho kuwa kosa la jinai. Mnamo tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwambie daktari. Kama mawazo hayo unayo sasa hivi, nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu ukiwa na mtu mwingine, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

19. Mgonjwa anakataa katakata kwenda. Tufanye nini?

Usianze na jina la ugonjwa. Anza na kile anachokilalamikia mwenyewe, ambacho kwa kawaida ni usingizi, kuumwa kichwa au ugomvi wa nyumbani, na umwombe aende kwa ajili ya hicho. Wengi hukubali wakiombwa na mtu wanayemheshimu, wakati wametulia, nao ndugu wote hawajaizingira sebule. Ikiwa kuna hatari ya kweli kwake au kwa wengine, Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inaruhusu kulazwa bila ridhaa kwa ombi la jamaa na kwa tathmini ya wahudumu wa afya, huku haki zake zikilindwa. Kumfunga kamba na kumficha chumbani si matibabu, na kunamfundisha kwamba msaada ni adui.

20. Je, mwajiri wangu atajua?

Si kupitia kwa daktari, isipokuwa umekubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Cheti cha kupumzika hakihitaji kueleza jina la ugonjwa.

21. Naweza kutafuta maoni ya daktari wa pili, na je, jina hili linaweza kufutwa baadaye?

Unaweza, na katika ugonjwa unaotambuliwa kwa masimulizi hilo si utovu wa heshima kwa daktari wa kwanza. Utambuzi hubadilika kadiri miaka inavyoonyesha mambo mapya: sonona huwa baipola siku mania inapojitokeza, aina ya pili huwa ya kwanza, na mara nyingine baipola huondolewa ikibainika kwamba sababu ilikuwa dawa au tezi. Kinyume chake, kukaa miaka mitatu bila dalili ukitumia dawa hakuthibitishi kwamba hukuwa na ugonjwa, na usiziache dawa ili ujaribu. Zungumza kwanza na aliyekuandikia.

Unapokwenda kwa daktari wa pili, usimpelekee jina la ugonjwa peke yake. Omba hospitali ya kwanza nakala ya muhtasari wako: dalili zipi zilionekana, kuanzia tarehe gani hadi gani, ni nani aliyezisimulia, vipimo vilisemaje, na kila dawa ilifanya nini. Weka nakala hizo ndani ya bahasha moja nyumbani, na umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini mahali ilipo, kwa sababu siku itakapohitajika haraka huenda si wewe utakayeweza kuitafuta.